Sataranji Nayo Iwekwe Barazani



Hapa Bagamoyo bao huchezwa barazani. Mpita njia husimama, hutazama, hubishana na wenzake, na kesho yake hurudi. Hivyo ndivyo mchezo unavyopata wapenzi.

Bao lina mashimo 32 na kete 64; sataranji ina miraba 64 na kete 32. Yote miwili ni michezo ya akili, lakini sataranji tumeifungia ndani. Phiona Mutesi wa Katwe, Uganda, alicheza Olimpiadi ya Sataranji mwaka 2010; wengi wetu tulimfahamu filamu ilipotoka mwaka 2016. Je, vijana wetu nao wangoje filamu? Ndugu walimu, tuiweke sataranji barazani, kando ya bao. Asiyeonekana hashangiliwi.