Mabanzi, Mito na Asilimia 3: Fedha za Nishati Safi Zimfikieje Mwenyeji wa Igowole?

Anayenunua umeme wa LUKU akiitazama risiti yake vizuri, ataona mstari mfupi ulioandikwa REA, asilimia 3. Mwenye bodaboda hukatwa kwa njia nyingine, kupitia tozo iliyofichwa ndani ya kila lita ya petroli. Makato hayo huingia katika Mfuko wa Nishati Vijijini, uliowekwa na sheria ya mwaka 2005. Kwa hiyo mwanakijiji wa Igowole, wilayani Mufindi, anapoketi kwenye kikao cha kujadili ruzuku ya nishati safi, anaketi akiwa amekwisha kuchangia. Mada hii inaanzia hapo kwa makusudi, maana lugha ya ruzuku ina tabia ya kumfanya mpokeaji aonekane mwombaji.

Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo ifikapo 2034. Kabla ya hapo, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilikwisha kuagizwa kuachana na kuni na mkaa. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) nao ukaandaa mitungi ya gesi ya kilo 6 ipatayo 452,445, ya kuuzwa kwa nusu ya bei, kila wilaya ikipangiwa 3,255.

Jitihada hiyo si ya kubezwa. Lakini ruzuku hiyo hukaa kwenye mtungi wa kwanza tu. Ukiisha, mwenye nyumba hujaza kwa bei ya dukani, na hapo ndipo hesabu ya Mufindi inapogoma. Huku ni nchi ya baridi, moto hauzimwi mapema, na kuni ziko kila upande. Mtungi ukiisha, unaweza kusimama kwenye kona ya jiko miezi mingi huku maharage yakichemkia kwenye mafiga.

Basi Igowole ina nini cha kwake? Wilaya yenyewe ndiyo makao ya Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya Serikali, na kulizunguka kuna misitu ya wananchi, mingine ikiwa imestawishwa chini ya mpango wa Panda Miti Kibiashara uliofadhiliwa na Finland. Mashine ndogo za kupasulia mbao, zile ambazo mafundi wenyewe huziita ding-dong, huacha mabanzi, maranda na vilima vya vumbi. Mabanzi hupata wa kuyachukua. Vumbi huachwa lioze au huchomwa palepale, moshi ukitanda bondeni. Vumbi hilohilo likikaushwa na kubanwa kwa mashine yenye joto kali, hushikana lenyewe bila gundi. Kwa mashine ya mkono, uji wa muhogo hutosha kuligandisha. Mkaa mbadala wa STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, ujulikanao kama Rafiki Briquettes, hutengenezwa kwa makaa ya mawe na hunadiwa na Serikali kama mkombozi wa misitu. Ikiwa makaa ya mawe yamepata heshima hiyo, vumbi la msonobari lina haki ya kusikilizwa.

Hofu husemwa chinichini maofisini: wanakijiji wataweza kuendesha mradi? Nyanda za Juu Kusini zilikwisha kujibu. Kule Ludewa, mto Kisongo unazungusha mitambo ya kilowati 300 ya Mawengi, iliyojengwa kwa msaada wa shirika la Kiitalia la ACRA na fedha za Umoja wa Ulaya. Mali ni ya LUMAMA, jumuiya ya watumia umeme iliyopata jina lake kutoka vijiji vya Lupande, Madunda na Mawengi. Matembwe, mkoani Njombe, wametangulia zaidi: kampuni ya kijiji, iliyoanza miaka ya 1980 kwa msaada wa shirika la CEFA, ilifuga kuku, ikaangua vifaranga na kufua umeme wa maji wa kilowati 120.

Mufindi kwenyewe kuna mradi wa umeme wa maji wa Mwenga, megawati 4, ulioanza kazi mwaka 2012. Unahudumia viwanda vya chai na vijiji, na ziada huuziwa TANESCO. Ni mradi mzuri, ila mmiliki ni mwekezaji. Mwanakijiji ni mteja.

Serikali imewahi kuwa na ruzuku yenye akili kwa miradi ya namna hii. Kupitia mpango wa TEDAP, uliogharamiwa na Benki ya Dunia, mwendelezaji alilipwa dola 500 kwa kila mteja mpya aliyeunganishwa. Matokeo kwanza, fedha baadaye. Kasoro yake ni kwamba kikundi cha kijiji hakina mtaji wa kusubiria hayo matokeo. Pengo hilo lina dawa kwingine: Kanada, ilipoanzisha mwaka 2021 mfuko wa fueli safi wa dola bilioni 1.5 za kwao, ilifungua dirisha la miradi inayoongozwa na watu wa asili, na fedha zake ziligusa hata upembuzi yakinifu. Hatua hiyo ya makaratasi, kabla ya tofali la kwanza, ndiyo inayowakwamisha wengi.

Hapa kwetu mlango ulio karibu ni halmashauri. Sheria inaitaka itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mashine ya kubania vumbi inaweza kuombewa humo, Mfuko wa Nishati Vijijini ukabeba gharama ya utafiti na majaribio, na shule ya bweni ikawa mnunuzi wa kwanza, kwa kuwa agizo la kuacha kuni linaibana.

Kuna jambo dogo la kuwahi. Ding-dong huhama zikifuata miti, na vumbi linatolewa bure kwa sababu halina mwenyewe. Siku mashine itakapowashwa litapata bei, na mwenyewe atajitokeza. Mkataba kati ya kikundi na wapasua mbao, wenye kituo kimoja cha kukusanyia na bei ya gunia, uandikwe kabla fomu ya mkopo haijajazwa.