TUPIME ARDHI KABLA YA KUCHIMBA KISIMA

(Hotuba iliyotolewa mbele ya Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi)



Nina jambo moja tu: fedha za wanachama zisizikwe katika shimo kavu. Nimepata kukiona chama kimoja kilichomaliza akiba ya misimu miwili ya pamba kwa kuchimba kisima mahali palipochaguliwa kwa kuwa palikuwa karibu na ghala. Wakakuta mwamba mzima, maji hawakuyapata.

Sehemu kubwa ya nchi yetu, tangu Dodoma na Singida hadi Tabora na Shinyanga, imekaa juu ya miamba migumu ya kale, kama vile itale. Mwamba mzima hauhifadhi maji. Maji hukaa katika tabaka la mwamba uliooza lililo juu yake, na katika nyufa. Tabaka hilo halilingani kila mahali: hapa ni nene, na hatua mia mbele huenda lisiwepo.

Njia mojawapo ya kulitafuta ni kupima ukinzani wa ardhi, yaani jinsi udongo na miamba inavyozuia umeme kupita. Mfaransa Conrad Schlumberger alianza kuijaribu njia hii mwaka 1912. Vijiti vinne vya chuma hupigwa ardhini katika mstari mmoja. Viwili vya nje hupitisha umeme, na viwili vya ndani hupima volti. Kadiri vile vya nje vinavyosogezwa mbali, ndivyo umeme unavyopenya chini zaidi. Itale nzima kwa kawaida husomeka maelfu ya omu-mita. Iliyooza na kulowa maji, makumi au mamia tu.

Hata hivyo, chombo hiki hakioni maji. Husoma ukinzani tu. Mfinyanzi, ambao hautoi maji ya kutosha, nao husomeka chini, na maji ya chumvi vivyo hivyo. Basi mpimaji atakayepima mahali pamoja tu na kuapa kwamba maji yapo, msimwamini upesi.

Ndugu Makatibu, kabla ya kutia sahihi mkataba, dai mambo matatu. Kwanza, vipimo vichukuliwe mahali kadhaa, na wazee waulizwe visima vya zamani vilikuwa wapi na vilikauka miezi gani. Pili, pale udongo unaporuhusu, vipimo vithibitishwe kwa keekee ya mkono, kama ilivyofanywa katika mpango wa visima vifupi mkoani Shinyanga miaka ya 1970. Tatu, maji yapelekwe maabara, kwa sababu floraidi, ambayo imezidi katika baadhi ya visima vya Singida na Shinyanga, haijulikani kwa kipimo cha umeme.

Mwisho, taarifa ya vipimo ihifadhiwe katika jalada la chama hata kama maji hayakupatikana. Kujua mahali pasipo na maji nako ni mali ya wanachama, maana watakaotufuata hawatalipia tena shimo lile lile.