Vijidudu Vipendavyo Joto na Kazi ya Kutoa Madini

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama, Kigamboni



Mkulima wa mboga wa Kigamboni aliyewahi kufukua lundo la samadi anajua jinsi ndani yake mnavyofukuta. Joto hilo huzaliwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vipo vingine vinavyopata nguvu zao kutokana na mawe, navyo vimekwisha kufanya kazi hapa Afrika Mashariki.

Mgodi wa shaba wa Kilembe, magharibi mwa Uganda, ulichimbwa tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Shaba ilipotolewa, mabaki ya chuma na salfa, yenye kobalti kidogo, yalirundikwa Kasese, yapata tani milioni moja. Mvua ziliyageuza kuwa asidi, ikatiririka hadi Hifadhi ya Queen Elizabeth na kuua mimea.

Mwaka 1999 kiwanda cha kobalti cha Kasese kilianza kuyatia mabaki hayo katika matangi yenye vijidudu. Vilipewa hewa, pamoja na naitrojeni, fosfati na potasi, virutubisho vilevile vya mbolea ya shambani. Vijidudu vilibadili chuma na salfa, jiwe likafunguka, kobalti ikayeyuka majini, kisha ikatolewa kwa umeme. Kazi hiyo yenyewe huzaa joto, hata ikabidi matangi yapozwe yabaki karibu na nyuzi 42. Joto likizidi, vijidudu hivyo hufa. Asidi ilipunguzwa ukali kwa chokaa. Bei ya kobalti iliposhuka, mwaka 2002 kiwanda kilisimama kwa muda. Kilifungwa katika miaka ya 2010.

Vyama vya wachimbaji wadogo navyo vina malundo ya marudio. Ieleweke kwamba vijidudu hivi haviyeyushi dhahabu. Hufungua tu jiwe la salfa lililoificha. Pasipo salfa, havina kazi.

Kwa hiyo, chama kikiletewa mradi wa namna hii, katibu aulize: Je, marudio yamepimwa maabara? Umeme na mtaalamu vitalipwa na nani? Bei ikishuka, deni litabebwa na nani? Maji ya asidi yataelekezwa wapi? Swali hili la mwisho ni zito kwa Kigamboni, ambako ardhi ni ya mchanga na watu wengi hunywa maji ya visima.

Fedha za hisa za wanachama zisitolewe kabla majibu hayajaandikwa katika muhtasari wa mkutano na kusomwa mbele ya wanachama wote.