Ushahidi wa Ulevi Baada ya Ajali

Kila sifa njema inamstahikia Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyo dhahiri na yaliyofichika. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, nakuusieni pamoja na kuiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu.

Makusudio ya khutba yetu ya leo ni ushahidi. Si ushahidi wa ndoa wala wa mirathi, bali ule utakiwao gari linapogonga mtu, na dereva akashuka akinuka pombe.

Miaka michache iliyopita, usiku baada ya sala ya Isha, kijana mwendesha bodaboda aligongwa na gari dogo karibu na Buhongwa, katika barabara itokayo Mwanza kwenda Shinyanga. Alifariki kabla ya alfajiri. Mwanafunzi wangu mmoja wa madrasa alikuwa ng'ambo ya barabara. Alimwona dereva akishuka huku ameushikilia mlango, akaanguka, akainuka. Alipomkaribia ili amsaidie alisikia harufu ya gongo, na chini ya kiti akaona chupa. Dereva yule alikuwa jamaa wa watu tunaosali nao. Usiku ule ule mwanafunzi akaja kwangu kuniuliza, "Maalim, niende polisi?" Nami, Mola anisamehe, nikamwambia asubiri, kwa kuwa wazee wa pande mbili walikuwa wamekwisha anza kuzungumzia suluhu na dia. Akasubiri siku tisa.

Ndugu zangu, pombe haingoji wazee wamalize mazungumzo. Sheria ya Usalama Barabarani ya nchi yetu, iliyotungwa mwaka 1973, imeweka kikomo cha miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Mwili wa binadamu huondoa, kwa wastani, miligramu 15 hivi kila saa. Basi mtu aliyegonga saa tatu usiku akiwa na miligramu 110, ikifika saa tano amekwisha shuka hadi kwenye kikomo chenyewe, na ikiadhiniwa Alfajiri damu yake ni safi kama ya mtu aliyekesha akisali. Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza, lakini maabara haipimi damu ambayo haikutolewa. Ikikosekana damu ya usiku ule, hakuna kinachosalia ila macho, pua na ulimi wa waliokuwapo.

Na katika jambo hili dini yetu ina hazina. Imamu Muslim amepokea katika Sahihi yake kisa cha Walid bin Uqba, liwali wa Kufa, aliyekuwa ndugu wa Sayyidna Uthman (R.A.) kwa mama. Walid aliwasalisha watu Alfajiri rakaa mbili, kisha akawauliza kama wanataka awaongezee. Akaletwa mbele ya Sayyidna Uthman, naye ndiye Khalifa. Wakasimama mashahidi wawili. Mmoja wao, Humran, alisema kuwa amemwona akinywa. Wa pili hakumwona akinywa. Alichokiona ni kutapika. Sayyidna Uthman akaona kwamba mtu hawezi kuitapika pombe ila awe ameinywa kwanza, akaamrisha apigwe, na Sayyidna Ali (R.A.) akahesabu mijeledi hata ilipotimia arubaini akasema basi.

Mtazameni yule shahidi wa pili. Hakuongeza asichokiona ili maneno yake yafanane na ya mwenzake. Na mtazameni Khalifa: hakumfichia nduguye.

Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya dalili za namna hii. Imamu Malik anaikubali harufu na matapishi. Madhehebu yetu ya Kishafii hayasimamishi hadi kwa harufu peke yake, kwani huenda mtu alilazimishwa kunywa au alikunywa asijue ni nini. Ijapokuwa Imamu Nawawi, naye ni Mshafii, alipofika kwenye kisa hiki amekiri kuwa hoja ya Imamu Malik ina nguvu. Mimi naona tahadhari ya Mashafii ina mafunzo kwa shahidi wa barabarani. Mtu aliyeumia kichwa hupepesuka. Mgonjwa wa kisukari, sukari yake ikishuka, huzungumza kama mlevi. Chupa ikivunjika garini humlowesha hata asiyekunywa. Kwa hiyo usiende ukasema, "Alikuwa mlevi." Sema: nilimwona akianguka mara moja, nilisikia harufu mdomoni mwake, niliona chupa mahali fulani, ilikuwa saa fulani. Kuyapima hayo ni kazi ya hakimu.

Ama dia, hiyo ni haki ya wafiwa, imetajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 92, nao wana hiari ya kusamehe. Lakini msamaha wao haumfungi ulimi shahidi. Aya ya 135 ya Sura hiyo hiyo yatutaka tusimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Na Suratul Baqara, aya ya 283, imeitia dhambi moyoni mwa anayeficha ushahidi. Aya hizi nilikuwa nikizisomesha mwaka ule ule.

Kesi iliposikilizwa, wakili wa mshtakiwa alimwuliza mwanafunzi wangu swali moja tu la maana: kwa nini siku tisa? Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika rufani ya jinai Namba 6 ya mwaka 1995 iliyosikilizwa Mwanza, ilikwisha sema kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema huaminika zaidi, na anayechelewa bila ya sababu hutia shaka. Kijana alinitazama pale nilipokaa, akasema alikuwa na hofu. Hakunitaja. Dereva alitiwa hatiani kwa uzembe, akalipa faini, ulevi haukuthibitika.

Nilikwenda kwa mama wa marehemu kumtaka radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama yule mwanafunzi bado anasoma kwangu. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Mwambie aje, Shekhe. Nataka anisimulie mwenyewe alivyomwona mwanangu."