Kazi ya Nyumbani ya Watoto wa Shule na Wajibu wa Jamaa Zao

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Isiolo, kwa niaba ya Halmashauri ya Elimu



Halmashauri ya Elimu imenituma niseme mbele yenu habari za kazi wapewazo watoto wetu shuleni wakazifanye nyumbani, ambazo walimu huziita kazi ya ziada. Huenda baadhi yenu mkaona kuwa jambo hili ni dogo, halistahili kuwekwa pamoja na habari za mazishi na za misaada ya wagonjwa ambazo mkutano huu umekwisha kuzisikia. Nami naona si dogo. Mtoto aachaye shule katika mji huu mara nyingi haachi kwa siku moja. Huanza kwa kukosa Jumatatu, kwa kuwa Ijumaa alipewa hesabu kumi naye hakuzifanya, akaogopa kusimamishwa mbele ya wenzake. Jumanne hukosa kwa sababu ya kukosa Jumatatu. Muhula ukiisha, mzazi huambiwa ya kuwa mwanawe si mwanafunzi tena, naye hustaajabu, maana hakumtoa shuleni wala hakukataa kumpeleka. Ni kweli kwamba kiboko kilikatazwa katika shule za Kenya mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 ikalitilia nguvu katazo hilo. Lakini aibu ingali ipo, nayo humuuma mtoto kuliko fimbo.

Sisi twajua kuzijaza shule. Tangu Januari ya mwaka wa 2003, serikali ilipoondoa karo ya shule za msingi, watoto walimiminika madarasani kama maji. Walakini kuingia shuleni si kujua kusoma. Mwaka wa 2009 shirika la Uwezo lilianza kuwapima watoto nyumbani mwao, wala si madarasani, likaona kwamba takriban watoto saba katika kila kumi wa Darasa la Tatu hawakuweza kusoma hadithi ya Darasa la Pili. Hayo yalikuwa ya Kenya nzima, na katika nchi kavu za kaskazini hali ilikuwa mbaya zaidi.

Kisha likaja jaribu la mwaka wa 2020. Tarehe 16 Machi shule zilianza kufungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na wanafunzi walio wengi hawakurudi mpaka tarehe 4 Januari 2021. Kwa muda wa miezi tisa na zaidi, kazi yote ya shule ilikuwa kazi ya nyumbani. Masomo yalitangazwa kwa redio na kwa televisheni. Lakini mtoto aliyekuwa nyuma ya mbuzi huko Merti au Oldonyiro, redio hana na mtandao haumfikii, alisomea wapi? Kabla hatujapumua, mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa mwaka wa 2020 hata mwisho wa 2022. Mifugo ilikufa, na jamaa nyingi zikahamia pembezoni mwa mji. Wengine wakawaacha watoto huku na wao wakafuata malisho na wanyama waliosalia. Ndiyo maana leo katika nyumba nyingi mlezi wa kazi ya shule si baba wala mama, bali ni bibi, au dada mkubwa ambaye naye ana daftari lake linalomngoja.

Nataka niseme neno juu ya mtaala huu wa umilisi, ulioanza kufundishwa nchini kote katika madarasa ya chini mwaka wa 2019. Mwaka wa 2021 wazazi wa kila upande walilalamika sana, na lalamiko lao lilikuwa hili: kazi hupewa mtoto, huifanya mzazi. Usiku mtoto asema kwamba kesho atakiwa kupeleka picha ya twiga iliyopigwa chapa, na nyumbani hakuna mashine wala shilingi za kumlipa mwenye saiba. Katika lalamiko hilo mimi nawaunga mkono wazazi kwa nusu. Kazi ya kununua si kazi ya mtoto, na mwalimu aitumaye anaupima mfuko wa baba. Yafaa aambiwe hivyo kwa adabu, katika mkutano wa wazazi, si kwa manung'uniko ya njiani. Nusu ya pili siiungi mkono. Mtaala huo huo humtuma mtoto akawaulize wazee habari za nyasi, za miti ya dawa, za arusi, za kugawana maji. Ni mzazi gani wa Nairobi awezaye kumweleza mwanawe kwa nini kisima cha Waborana kina mtu wake, abba herega, apangaye zamu za kunywesha? Ni nani huko atakayemtajia majina ya rangi za ng'ombe kwa Kisamburu? Katika kazi za namna hiyo, wazee wangu, ninyi ndio kitabu, na mtoto wa Isiolo amewatangulia watoto wa mjini. Asiondoke kwenu bila jibu kwa sababu mlikuwa na mazungumzo ya siasa.

Wako wasemao, "Mimi sikusoma, nitamsaidiaje?" Neno hili silikubali, na ushahidi wangu uko duksini. Mtoto arudipo na ubao wake, mama asiyejua herufi hata moja humwambia, "Nisomee." Humketisha, humsikiliza, akisita humwamuru arudie, na asubuhi mtoto huenda kwa mwalimu wake amehifadhi. Mama huyo hakusahihisha kitu, alisikiliza tu. Mbona basi ubao hatuuogopi, na daftari la hesabu twaliogopa? Mwambie mtoto akueleze kwa lugha ya nyumbani, iwe ni Kiborana, Kiturkana, Kisomali, Kisamburu au Kimeru, jambo alilolisoma kwa Kiingereza. Akilieleza ukalifahamu, naye amelifahamu. Akizungukazunguka, amekariri maneno matupu, nawe umeijua hali yake bila ya kusoma chochote. Namjua bibi mmoja wa Bulla Pesa ambaye kila jioni hulifunua daftari la mjukuu wake, akautafuta wino mwekundu wa mwalimu, akauweka kidole na kuuliza, "Hapa pana nini?" Kusoma hajui, lakini rangi aijua, na mjukuu hajathubutu kumficha.

Taa na meza ni mambo ya pili. Siku hizi taa ndogo za jua zimeingia katika nyumba nyingi zilizokuwa na koroboi. Kilichoadimika ni wakati. Kanuni za serikali za mwaka wa 2015 zasema kwamba katika shule za kutwa masomo yaishe saa tisa na nusu, na michezo saa kumi na moja kasorobo. Jua letu huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu. Basi mtoto anazo saa mbili kasorobo za mwangaza, na hizo ndizo sisi tunazozila. Mvulana hutumwa akawaingize mbuzi zizini. Binti huchukua mtungi akapange foleni ya maji. Akirudi huwasha moto, huosha vyombo, humbeba mdogo wake mgongoni. Akija kulifungua daftari, macho yamekwisha fumba. Simwambii mtu awaache mbuzi nje waliwe na fisi. Lakini tazameni vema, kwa maana mara nyingi mvulana aliyekosa kazi yake alikuwa akicheza mpira, na msichana aliyekosa yake alikuwa akimpikia mvulana huyo chakula.

Kwa sababu hiyo Halmashauri haikuja kuomba taa, imekuja kuomba saa moja ya mchana. Hoja yetu ni kwamba jumba la Chama lifunguliwe kila siku ya shule, isipokuwa Ijumaa, kuanzia saa kumi na moja hata saa kumi na mbili, kwa watoto wa Gredi ya Nne hadi ya Sita, ili wafike makwao kabla ya giza. Walio na madrasa saa hizo watakuja Jumamosi asubuhi, na katika mwezi wa Ramadhani saa zitapangwa upya pamoja na walimu wao wa dini. Vijana wetu waliomaliza sekondari, ambao wanangoja nafasi za vyuo, watakaa nao kuwaongoza, wala si kuwafanyia hesabu.

Mwekahazina amenikumbusha ya kuwa saa hizo ndizo watu hulikodi jumba kwa mikutano yao, na kwamba fedha hizo ndizo humlipa mlinzi. Amesema kweli, na hasara hiyo itaonekana katika hesabu za mwakani. Halmashauri yapendekeza ipunguzwe kwa kukodisha jumba zaidi siku za Ijumaa na Jumapili. Kama kutabaki pengo, wanachama waambiwe mapema wachange.

Liko jambo moja zaidi, na katika hili sitapunguza neno. Kila atakayeinua mkono kuikubali hoja hii ajue anaahidi kwamba binti yake ataachiliwa aje. Jumba lililojaa wavulana watupu Halmashauri haikuliomba. Kitabu cha mahudhurio kitawekwa, wasichana ukurasa wao na wavulana ukurasa wao, pamoja na jina la mzazi, nacho kitasomwa kwa sauti katika mkutano wa mwaka ujao. Funguo ziko kwa Katibu. Bwana Mwenyekiti, hoja naiweka mbele ya mkutano.