Majibu yetu yanalala wapi? Neno kwa wanafunzi na vijana wa Butembo

Leo sitaongea juu ya maji wala umeme. Nitaongea juu ya jambo ambalo wengi wanaliona dogo: mwanafunzi anapotoka kwenda kuuliza watu maswali, chuo kikuu kinamusaidia namna gani, na kisha majibu ya wale watu yanalala wapi.

Tuanze na Ebola, ju hapa hakuna asiyeikumbuka. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, ukaisha tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, na watu 2,287 walikufa. Mwezi wa 9 mwaka 2018, wakati mambo yalikuwa bado mwanzo, watafiti wakiongozwa na watu wa Harvard, Marekani, waliuliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Mmoja kwa wanne alijibu kama Ebola si ya kweli. Wenye kuamini kwamba wakubwa wa hapa wanatetea faida yao walikuwa kama mmoja kwa watatu tu. Matokeo yalitoka mwezi wa 3 mwaka 2019 katika gazeti la waganga la Uingereza, kwa Kiingereza. Mimi ile kazi siilaumu, ilifanywa vizuri na ilisema ukweli ambao wakubwa wetu hawakupenda kuusikia. Lakini mwanafunzi wa sosiolojia wa hapa, akitaka kufungua tena yale majibu, aone kama wanawake walijibu sawa na wanaume, ao wazee sawa na vijana, atagonga mlango gani? Katika chuo chake, nani atamuambia data zinaombwa namna gani, na akizipata, zinafunguliwa na programu gani?

Hakuna mlango. Njo jambo lenyewe.

Mimi nilifanya kazi ya anketeri. Nilitembea na simu mukononi, nikauliza maswali ya watu wengine, nikalipwa kwa siku, nikarudi nyumbani. Wengi kati yenu mulifanya vile vile. Tunajua kukusanya. Tukifika usiku tunatuma kila kitu, na asubuhi simu iko tupu. Watafiti wa Bukavu waliandika juu ya hii hali, ndani ya maandishi yanayoitwa Bukavu Series: mtu wa hapa anabeba hatari ya njia, na jina lake halionekani kwenye kitabu. Walisema kweli. Mimi naongeza kitu kimoja: hata wangetuachia data zote kesho, wengi wetu tungebaki tunaziangalia tu. Chuo nilikosoma, sitakitaja jina, takwimu tulifundishwa ubaoni kwa chaki. Wakati wa memware kila mtu alitafuta rafiki mwenye SPSS ya wizi, yenye virusi ndani, na rafiki alilipwa ili atoe tablo ambazo mwenye memware mwenyewe hakuweza kuzieleza mbele ya juri. Kisha memware inafungwa vizuri na jalada la rangi, inawekwa kwenye rafu, na yale majibu ya watu yanapotea siku simu inapoibiwa.

Mutaniuliza, hii inamuumiza nani? Inatuumiza sisi wote, na nitawapa mufano unaouma.

Mara ngapi tumebeba pankarte zenye kuandikwa wafu milioni tano, milioni sita, milioni kumi? Ile hesabu ilitoka wapi? Shirika la International Rescue Committee lilifanya ankete tano katika inchi yetu tangu mwaka 2000. Ya mwisho ilitoka mwezi wa 1 mwaka 2008, ikasema watu milioni 5.4 walikufa zaidi ya vile wangekufa bila vita, tangu mwezi wa 8 mwaka 1998 mpaka mwezi wa 4 mwaka 2007. Miaka miwili kisha, watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, wakasema hesabu imepita kiasi. Sababu yao ni rahisi kuielewa. Ili kujua vita iliua wangapi, lazima kwanza ujue wangapi wangekufa hata kama vita haikuwa. IRC ilichukua kiwango cha kawaida cha Afrika kusini ya Sahara, kifo 1.5 kwa watu 1,000 kila mwezi. Wale wa Kanada wakajibu: Kongo ilikuwa mbaya kupita kile kiwango hata mbele ya vita, kwa hiyo mumeweka mstari chini sana, na juu yake wafu wamekuwa wengi mno.

Nani alikuwa na haki? Mimi niko na wazo langu, lakini leo si neno. Neno ni kwamba watu waliobishana juu ya wafu wa Kivu na Ituri walikuwa New York na Vancouver, na sisi wenye makaburi tulikuwa tunasubiri waseme. Chuo kikuu chetu hakikuweza kuinuka kusema: tumefungua data, tumehesabu tena, sisi tunaona hivi. Na mtu anayetaka kukana mateso yetu anafurahi sana akikuta tunatupa namba ambayo hatuwezi kuitetea.

Tukumbuke pia kwamba hesabu ya wakaaji wote wa inchi, ile ya kweli, ilifanywa mwaka 1984. Tangu pale hakuna nyingine iliyokamilika. Kwa hiyo mwanafunzi akitaka kuuliza nyumba 200 katika kartie, hana liste ya kuaminika ya kuchagulia. Anafanya nini? Anauliza majirani, ndugu, watu wa kanisa lake, wenye kukaa kando ya barabara ambako moto inafika bila shida. Halafu anaandika “wakaaji wa Butembo wanasema”. Hapana. Wenye kusema ni marafiki zake. Kuna njia za kufanya vizuri bila liste: kuchora ramani ya avenyu, kuhesabu paa, kuchagua nyumba kwa kuruka hesabu moja kila mara, kurudi jioni ju mama wa shamba muchana hayuko. Inafundishwa kwa siku mbili, lakini lazima kuwe na mtu ambaye kazi yake ni kuifundisha.

Kwingine yule mtu yuko. Essex, Uingereza, wanaweka data za ankete tangu 1967. Michigan, Marekani, tangu 1962. Musiseme ni mambo ya wazungu: Chuo Kikuu cha Cape Town kiko na DataFirst, inayotunza data za Afrika na kusaidia watafiti kuzitumia. Na hapa kwetu Kongo, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilianzisha Observatoire du Changement Urbain; profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake waliingia katika nyumba za watu, wakauliza wanakula nini na feza inatoka wapi, wakati mishahara ya makampuni ilikuwa imekufa. Kwa hiyo inawezekana hata katika shida.

Sisi hatuombi jumba. Tunaomba chumba kimoja katika kila chuo, kompyuta tano, panneau solaire, na watu wawili wanaolipwa. Programu R ni ya bure. KoboToolbox inafanya kazi kwenye simu hata bila rezo. Mwanafunzi apitie pale mbele ya kutoka, maswali yake yasomwe kwa Kiswahili na Kinande kuona kama yanaeleweka, na akirudi asaidiwe kusafisha majibu na kuyaweka.

Kuyaweka, lakini kwa akili. Ndugu zangu, hapa ni kwetu, munajua barriere. Simu yenye majina ya wanawake walionajisiwa, ao ya watu walioeleza nani anachukua kodi porini, inaweza kuua. Majina yatengwe na majibu siku ile ile, simu ifungwe kwa siri, na mtu aliyejibu ajue kisha yanakwenda wapi. Code ya numérique ya mwaka 2023 inalinda habari za mtu binafsi, lakini sijaona valve moja ikiionyesha mwanafunzi.

Feza? Kila mwanafunzi analipa frais kila mwaka, na ndani kuna mistari ambayo hakuna anayetueleza. Tuanzie pale. Barua kwa wakubwa wa vyuo iko kwenye meza karibu na mlango: inauliza ile mistari inakwenda wapi, na inaomba chumba kifunguliwe mbele ya memware za mwaka huu kuanza. Musome kwanza, kisha mutie saini. Na mwenye majibu ya memware yake kwenye flashi, asitoke hapa bila kuniona, tuanze kutoa majina ndani.