Tusimwache Majeruhi Kwenye Wiki ya Sita

Maneno ya mjumbe wa kamati ya afya kwenye mkutano mkuu wa mwaka na harambee



Nimepewa dakika chache niseme juu ya abiria wa bodaboda wanaopata ajali. Siku ya ajali yenyewe Olasiti hatuna deni. Mtu akianguka kwenye barabara ya mchepuko, vijana wa kijiweni ndio wa kwanza kufika, bajaji inapatikana, na kabla ya jioni tumeshachanga. Wiki nzima hodi haziishi kwake. Mimi nataka kusema juu ya wiki ya sita.

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto watatu, alivunjika mguu chini ya goti akiwa abiria, akitoka sokoni. Mfupa ulitokeza nje ya ngozi. Alipasuliwa, akawekewa chuma, akaruhusiwa na karatasi yenye tarehe ya kurudi kliniki. Tarehe ilipofika, mguu ulikuwa haukunjiki, hivyo daladala haikumfaa, na hela ya kukodi bajaji kwenda na kurudi hakuwa nayo. Akaona kidonda kimekauka juu, akasema atakwenda mwezi ujao. Nilikuwa napita mlangoni kwake kila siku. Nilimsalimia, lakini sikumuuliza habari ya kliniki.

Mwezi wa nne kidonda kilianza kutoa usaha. Maambukizi yalikuwa yameingia kwenye mfupa. Akapasuliwa tena, na gharama ya mara ya pili ikazidi ya kwanza. Leo anatembea kwa fimbo, na meza yake ya nyanya anaisimamia binti yake, ambaye mwaka huu alipaswa kuwa kidato cha pili. Hicho ndicho kilichotokea kwa kukosa nauli ya bajaji.

Ndugu zangu, kurudi kliniki ni nusu ya matibabu. Picha ya X-ray ndiyo inayoonyesha kama mfupa unaunga, na kama umenyooka. Mfupa wa mguu huchukua miezi mitatu, minne, wakati mwingine zaidi ya sita. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anamfundisha mgonjwa kukunja goti kabla halijakakamaa. Mafundi wetu wa kienyeji wa mifupa tunawaheshimu, lakini mfupa uliotokeza nje, au uliowekewa chuma, usikandwe.

Na aliyegonga kichwa, hata kama aliamka akacheka nasi, aangaliwe kwa wiki kadhaa. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika, akianza kusahau au kusinzia ovyo, arudishwe hospitali siku hiyohiyo. Damu huweza kuvuja polepole ndani ya fuvu.

Tuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru hapa mjini, na majeraha makubwa hupelekwa KCMC, Moshi, takribani kilomita 80. Kwa mtu asiyefanya kazi miezi mitatu, safari hizo ni mlima.

Jambo jingine ni karatasi. Chukueni PF3 polisi, andikeni namba ya pikipiki, ulizeni habari za bima yake, tunzeni kila risiti. Sheria inataka chombo cha moto barabarani kiwe na bima kwa ajili ya watu wengine wanaoumizwa nacho. Wengi wetu tunamalizana pale pale kwa elfu ishirini na pole, halafu mwezi wa pili tunamtafuta dereva hayupo.

Sasa ombi letu. Kamati inaomba kufungua mfuko wa nauli ya kliniki. Fedha hazitatolewa mkononi: katibu atalipa bajaji, nauli ya Moshi au X-ray, na risiti zitasomwa katika kila mkutano. Kila mtaa utakuwa na mtu mmoja mwenye daftari la tarehe za kliniki, atakayemgongea mgonjwa mlango siku moja kabla. Vijana wa kijiweni wameshaahidi kuwabeba wagonjwa kwa bei ya mafuta tu. Wapigieni makofi.

Tunaomba shilingi 5,000 kwa mwezi kwa kila mwanachama. Asiye nazo alete 1,000. Haba na haba hujaza kibaba. Asiye na kitu kabisa ana miguu ya kumtembelea jirani, akamuulize swali nililoshindwa kuuliza mimi: "Tarehe yako ya kliniki ni lini, na utakwendaje?"

Mimi naanza na ahadi ya mwaka mzima, elfu sitini. Karibuni mezani.